Jinsi ya kuchimbua mzizi wa neno "mti" ukiwa Kisumu

Zunguka soko la Kibuye na daftari. Kabla hujalipia nyanya utakuwa umesikia Kiluo, Kiluhya, Kikisii na pengine Kikalenjin.

1. Kusanya. Elekeza kidole kwenye mti uliosimama, uliza unaitwaje. Ukiuliza kwa mdomo tu, huyu atakutajia mbao na yule kuni. Andika umoja na wingi, usiache hata kimoja.

2. Vua viambishi. Mti, mũtĩ wa Gikuyu, omote wa Kikisii: ondoa m-, mũ- na omo-, hubaki -ti, -tĩ, -te. Sasa njoo kwa Wakalenjin: ketit. Mwenye pupa akiiona ile "ti" atashangilia. Lakini wingi ni ketik! Kumbe -it ni kiambishi tu, na cha kushika ni ket-. Kiweke kando ya ekitoi ya Kiteso, wingi ikito. Zote mbili ni lugha za Kiniloti, familia moja na Kiluo, kwa hiyo hapo pana la kufuatilia.

3. Pima sauti. Kazi yenyewe iko hapa. Mengine ni maandalizi. Chukua neno lisilohusu miti kabisa: kitu, kĩndũ, egento. Penye i yetu, Gikuyu kina ĩ na Kikisii e. Penye u wana ũ na o. Ndivyo ilivyo pia kwenye mti, mũtĩ, omote. Mpangilio ukijirudia hivi katika maneno mengi, huo ni undugu. Umbo la kale unalolikisia litangulize nyota, *-ti, maana hakuna aliyewahi kuliandika. Mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alichapisha kazi ya namna hii kuhusu sauti za Kibantu mwaka 1899.

Kiluhya kitakusumbua: ni Kibantu, lakini mti ni omusala. Usilazimishe. Lugha hubadilisha maneno yake, hata ya kila siku.

4. Usishawishiwe na maana. Yath ya Kiluo ni mti, ni dawa pia. Umuthi wa Kizulu na lāʻau ya Hawaii vilevile. Familia tatu za lugha, mizizi mitatu. Nasi tuna mitishamba yetu. Maana hufanana kwa sababu dawa hutoka kwenye magome na majani popote pale.

5. Jaribu ng'ambo. Kayu ya Kimalay, kahoy ya Kitagalog na hazo ya Madagaska ni ukoo mmoja. Kisha dāru ya Kisanskriti na tree ya Kiingereza: je, d na t zinalingana? Pima kwa "mbili": dva, two.