Kazi ya mbali ukiwa Bongo: weka haya sawa kabla mwezi wako wa kwanza kazini haujaisha

Kuna mdogo wangu wa mtaani kapata kazi ya kuhudumia wateja kwa kampuni ya Uingereza, anaanza mwezi ujao, atakuwa anafanyia chumbani kwake hapa hapa Tabata, na majuzi kaja kuniuliza dada ninunue nini. Nikamwambia kaa chini kwanza, maana vitu vya kununua ni vichache, kilichobaki chote ni tabia. Nilivyomweleza yeye ndo naandika hapa, kwa anayeanza na kwa aliyeanza anaona mambo hayaendi.

Mi nipo kwenye hizi kazi tangu 2021. Watu niliowaona wakiachishwa wengi wao kazi walikuwa wanaijua vizuri kabisa, shida yao walikuwa wanapotea hewani bila kusema. Ofisini hata ukinyamaza mkoba wako upo mezani, watu wanajua upo. Huku ukinyamaza haupo, basi.

Wiki yangu ya pili umeme ulikatika saa saba mchana, simu ilikuwa na chaji kidogo, nikajisemea utarudi tu sasa hivi, nikakaa nausubiri mpaka saa kumi. Niliporudi hewani nikakuta meseji kumi na moja na ya mwisho meneja ananiuliza kama bado naitaka hiyo kazi. Na yule dada wala hakuwa mtu mbaya, anapoishi yeye umeme haukatiki mchana kweupe, atajuaje? Aliona mtu kaondoka. Tangu siku hiyo nina sheria moja, najulisha kabla sijaulizwa, na karibu kila kitu ninachokuelekeza chini hapa kinaisaidia hiyo sheria.

Kwanza andaa meseji ya dharura kabla dharura haijaja, iandike kwa Kiingereza kizuri uihifadhi kwenye simu ili siku ya tukio usianze kutafuta maneno huku mikono inatetemeka. Iwe na mambo matatu: kilichotokea, unachoweza kufanya bado, na saa utakayoleta taarifa nyingine. Yaani "umeme umekatika mtaa mzima, nipo kwenye simu, chati naweza kujibu ila simu za wateja siwezi, nitakuandikia tena saa 14:30 ya Dar". Hilo la tatu ndo watu wanalisahau na ndo lenye uzito kuliko yote, maana bosi akijua 14:30 atasikia kitu hana sababu ya kuanza kukuwazia mabaya. Ikifika 14:30 andika hata kama hakuna jipya.

Umeme sasa. Kitu cha kwanza kununua kabla ya kiti, kabla ya hedifoni za bei, ni UPS ndogo ya rauta, yaani kibetri cha kuishikilia umeme ukikatika. Laptopu ina betri yake, ukiwa nayo nzima unapata saa mbili tatu, ila rauta haina kitu, umeme ukienda nayo inaenda. Kabla hujaenda Kariakoo geuza adapta ya rauta yako usome volti na ampea, nyingi ni volti 12 lakini zipo za 9 na za 5, ukichomeka volti kubwa kuliko inavyotaka umeiunguza. Halafu usidanganyike na namba kubwa ya kwenye boksi. Wakiandika mAh 10,000, yaani ujazo wa betri, wanahesabu kwa seli ya volti 3.7, kwa hiyo humo ndani kuna kama wati-saa 37 tu, rauta inayokula wati 10 itakaa saa tatu na kitu, toa na kinachopotea njiani sema saa tatu. Kwa makato mengi ya mtaani inatosha. Kwa siku kama ile ya tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipozima haitoshi, na wenzetu Kenya nao yaliwakuta 25 Agosti 2023, kwa siku hizo uwe unajua mapema ni wapi jirani pana jenereta na mwenyewe anakuruhusu ukae, iwe ni kwa shangazi au ofisi ya rafiki. Na kuna umeme mwingine unaokatika kwa uzembe wetu wenyewe, yuniti za LUKU zinaisha katikati ya kikao, hiyo usimweleze bosi ni TANESCO, nunua za mwezi mzima siku pesa inapoingia.

Intaneti uwe na njia mbili, na hizo njia mbili ziwe za kampuni tofauti. Watu wengi wana rauta ya kampuni fulani halafu na laini ya simu ya kampuni hiyo hiyo, mnara ukizingua vyote vinakufa pamoja. Weka laini ya pili yenye bando dogo la mwezi na ujaribu kabisa kurusha hotispoti kwenda kwenye laptopu, usisubiri siku ya shida ndo unatafuta pasiwedi. Kikao cha video cha watu wengi kinaweza kula GB 1 na zaidi kwa saa moja, sauti peke yake inakula kidogo sana, kwa hiyo ukiwa kwenye bando la akiba zima kamera yako, zima na video za wenzako, ila kabla hujazima sema kwa mdomo kwamba unazima kwa sababu ya mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilipokatika upande wa Afrika Kusini tuliona wote, laini zote mbili zilikuwa zinajikokota, siku kama hiyo huna ujanja wa kiufundi, ulicho nacho ni maandishi, meseji za kawaida zilikuwa zinapita japo kwa kusuasua. Mi nilimwandikia meneja asubuhi hiyo kabla ya zamu kwamba leo niko wa chati tu, akanipangia imeili siku nzima na simu akazipeleka kwa wengine, kazi ikaenda.

Saa, hapa wageni wa hizi kazi wanaumia sana na si kwa uvivu. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, mwenzako anahesabu kuanzia usiku wa manane, ukisikia "tatu" kichwa chako kinakupeleka asubuhi wakati yeye kasema 15:00 ambayo kwako ni saa tisa. Ukiwa kazini andika saa 24 na utaje mji kila mara, "16:00 Dar", usiandike "saa kumi" hata kwa Mtanzania mwenzako mliye naye timu moja, mzoee wote. Kisha jua kwamba saa yetu haibadiliki mwaka mzima ila za kwao zinabadilika. London tuko mbele kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya hapo tunawapita kwa tatu. Saa 9:00 yao inakuwa saa tano asubuhi kwetu, halafu kwenye baridi yao inakuwa saa sita mchana. New York 9:00 yao ni saa kumi jioni yetu majira yao ya joto, na saa kumi na moja kwenye baridi. San Francisco ndo usiku kabisa, saa moja au saa mbili usiku ndo wanafungua ofisi, ukichukua hiyo kazi kaa na familia kwanza muelewane. Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, hawaendi sawa na Uingereza, kwa hiyo kama timu yako ina watu wa pande zote mbili kuna wiki kadhaa kwa mwaka vikao vyote vinahama, weka kwenye kalenda ya simu mapema.

Nyumbani. Hii sehemu wageni wakiandika miongozo yao wanaongelea meza na mmea wa kijani, sisi shida yetu ni kwamba mtu aliye nyumbani mchana anahesabika hana kazi. Mama atapiga, mwanangu si upo tu nyumbani, nenda Mbezi stendi kuna mzigo wa mjomba wako umekuja na basi. Na unampenda, na mzigo ni kweli umefika. Kumjibu "niko bize" haisaidii, neno hilo kwake halina maana yoyote. Kilichonisaidia mimi ni kumkalisha mama pembeni yangu siku moja kwa saa nzima, nikamvalisha hedifoni akasikia mteja anavyonifokea na mimi namjibu kwa upole, toka siku hiyo ndo amekuwa mlinzi wangu mkuu, anawaambia wageni yuko kazini huyo msubirini. Kwa hiyo waonyeshe. Halafu wape saa yako ya mapumziko ijulikane, mfano saa nane mpaka saa tisa, shida zote za mzigo na gesi na fundi bomba ziletwe hapo. Mwenye nyumba na wapangaji wenzako pia waambie, hasa ukifanya zamu ya usiku, mtu anayetoka kuota jua saa tano asubuhi kila siku watu wanaanza kumuongelea.

Kelele hutozimaliza. Kama jirani ana karakana ya kuchomelea mageti, tafuta chumba kisichoangalia upande wake, tundika kitenge kizito au blanketi ukutani, na nunua hedifoni yenye maiki inayokaa karibu na mdomo, hiyo inapunguza zaidi kuliko programu yoyote. Zoea kufunga maiki pale ambapo huongei.

Sasa kazi yenyewe. Kila siku ukimaliza zamu andika mistari mitatu minne kwenye chati ya timu, iwe Slack iwe chochote wanachotumia: nimemaliza nini, nini kimekwama na kimekwama kwa nani, kesho naanza na nini. Usisubiri uambiwe. Sisi tumelelewa kwamba mtu anayejisema sema kazi yake anajisifu, mkubwa ataona mwenyewe, na hapo ndo penye hasara, huku mkubwa hana jicho la kukuona, ana hiyo mistari tu. Mi naihesabu kama kusaini daftari la mahudhurio. Na jambo baya lipeleke mapema kuliko zuri, ukiona dedilaini ya Ijumaa haitawezekana sema Jumanne, watu wa huko wanavumilia sana tatizo la Jumanne, la Ijumaa jioni hawalivumilii. Kama hujaelewa maelekezo kwenye kikao usiitikie tu ndiyo kwa heshima, baada ya kikao andika "nilivyoelewa mimi ni hivi na hivi, nirekebishe kama nimekosea". Hiyo sentensi imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kabla hujasaini angalia kampuni yenyewe. Mtindo huu wa kufanyia kazi mbali haukuanza na korona, Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa anaufanyia utafiti tangu 1973 na wafanyakazi wa bima wa Los Angeles, ila 2020 ndo ulilipuka, Zoom walitoka kwenye washiriki milioni 10 wa vikao kwa siku Desemba 2019 wakafika milioni 300 Aprili 2020. Sasa hivi wengine wanarudisha watu, Amazon waliwataka wafanyakazi wao wa ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Kwa hiyo kwenye usaili uliza wangapi kwenye timu wanafanyia mbali. Ukiwa mmoja peke yako na wengine wote wako ofisi moja London, maamuzi yatafanyikia kwenye korido na wewe utayasikia kesho yake, mi kazi ya namna hiyo siwezi kumshauri mtu labda kama hana nyingine. Ukitaka kuona kampuni iliyojipanga inavyofanya, GitLab, kampuni ya programu ambayo watu wake wote wanafanyia mbali, wameweka mwongozo wao wa kazi wazi mtandaoni, ni bure, soma hata kurasa chache.

Pesa: uliza sarafu gani, tarehe ngapi, kwa njia gani, na makato ya njiani analipa nani. Ukilipwa benki kwa benki mwambie anayekulipa, kwenye sehemu ya makato achague OUR, hapo anayetuma ndo anabeba makato, akichagua SHA mnagawana na utashangaa pesa imefika pungufu. Wengi wetu tunasainishwa kama wakandarasi na sio waajiriwa, maana yake huna likizo ya malipo, huna NSSF, huna bima, usilinganishe mshahara huo na wa rafiki yako aliyeajiriwa mpaka utoe kwanza gharama ya kujilipia hivyo vitu mwenyewe. Na kodi ni yako, ukiwa mkazi wa Tanzania kipato cha nje nacho kinahesabika, nenda TRA na TIN yako mapema, walioko Kenya ritani ya KRA mwisho ni 30 Juni. Wakikutaka utumie VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri, kumbuka TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili, kaombe barua ya kampuni ujisajili.

Ukiambiwa ulipie mafunzo au kianzio ili upate kazi, hiyo sio kazi. Zile za Telegram za kulaiki video, wanakulipa elfu chache mwanzo kisha wanataka uweke pesa kwanza ili "ufungue kazi kubwa", acha hapo hapo.

Mdogo wangu nimempa zoezi na wewe lifanye kama unaanza Jumatatu. Jumamosi mchana waage wa nyumbani, zima swichi kuu ya nyumba kwa saa nzima, ukae na laptopu upige simu ya video na rafiki yako, katikati zima rauta uhamie laini ya pili, umtumie ile meseji yako ya dharura, kisha mwambie akutajie ni dakika ngapi alikaa bila kusikia kitu kutoka kwako. Mdogo wangu mara ya kwanza alipata dakika kumi na tisa. Juzi alirudia akapata nne.