Somo: kuandaa mizizi kabla ya kuhamisha mti

Ndugu wanachama, mti wangu wa kwanza niliuchimba asubuhi na kuupanda mchana. Nilimwagilia kila siku, nao ukakauka vilevile. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba midomo yake niliiacha kwenye shimo la zamani. Mizizi minene hushikilia mti na kupitisha maji. Inayonyonya hasa ni ile myembamba kama nyuzi, na mingi iko mbali na shina, hata kupita kivuli cha matawi, ndani ya sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo. Basi tunaanza miezi kadhaa kabla, ili nyuzi mpya ziote karibu na shina.

1. Pima kipenyo cha shina, sentimita 15 kutoka ardhini, kisha zidisha kwa 10 hadi 12. Shina la sentimita 5 linahitaji bonge la udongo, lile utakalolibeba pamoja na mizizi, lenye upana wa sentimita 50 hadi 60. Ni zito, lakini usilipunguze. Tafuta wasaidizi.

2. Chora duara dogo kidogo kuliko bonge hilo, uligawe mafungu sita. Chimba mfereji kwenye mafungu matatu tu, ukiruka moja moja, ili mti uendelee kunywa kupitia matatu yaliyobaki. Mizizi unayokutana nayo ikate kwa mkasi wa kupogolea au msumeno wenye makali. Hapa naomba msiwe na haraka: jembe butu huuchana mzizi, na jeraha lililochanika huoza. Mkato safi huchipua nyuzi nyingi pale pale ulipokatwa, na hizo ndizo tunazozitaka. Rudisha udongo uleule, mwagilia. Miezi michache baadaye kata mafungu mengine, usubiri tena. Kazi yote huchukua nusu mwaka hadi mwaka mmoja. Usikate wakati mti unatoa majani machanga.

3. Siku moja kabla ya kuhamisha, lowesha udongo. Chimba nje ya mfereji wa zamani kwa sentimita 10 hivi, la sivyo utazikata nyuzi ulizozisubiri. Funga bonge kwa gunia bichi, na jua lisiiguse mizizi.

4. Shimo jipya liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge, kina kisizidi cha bonge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi pabaki juu ya ardhi.

MASWALI

Mwalimu, nipunguze matawi ili yalingane na mizizi iliyobaki?
Hapana, ndugu yangu. Majani ndiyo yanayopika chakula cha kuotesha mizizi mipya. Ondoa yaliyovunjika na yaliyokufa tu.

Mche wangu uko kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche), nao unahitaji haya?
Mfereji hauhitaji. Ila chana kiriba utazame: mizizi iliyojiviringa pembeni inyooshe, na isiyonyooka ikate. Ukiiacha itaendelea kuzunguka, na miaka ikipita itaukaba mti wenyewe.

Na mbolea ya chumvichumvi je, niitie shimoni?
Usiitie. Huunguza nyuzi changa. Weka matandazo, yasiguse shina, na mwagilia kwa kina mwaka mzima wa kwanza.

Nimeshauchimba leo bila maandalizi yoyote. Nifanyeje?
Upande leo hii, mizizi isilale nje ya udongo. Kata vizuri kwa mkasi ncha za mizizi zilizochanika, uwekee kivuli, na kila unapotaka kumwagilia chimbua kwanza kwa kidole uone kama bonge limekauka. Majani yakidondoka usiung'oe. Kwaruza gome kidogo: pakiwa kijani chini yake, bado uko hai.