Somo: Kukagua mabaki ya kale kwenye vinamasi vya peti, Ireland

Wakuu, salaam. Peti ni mimea iliyorundikana kinamasini bila kuoza sawasawa, ikikauka inawaka. Kampuni ya umma ya Bord na Móna, iliyoundwa 1946, iliivuna kwa mashine, ikichuna tabaka jembamba kila kiangazi, hadi ilipotangaza mwisho wa uvunaji Januari 2021. Mashine hizo zilifichua mambo ya maelfu ya miaka na kuyasaga palepale. Mkaguzi alikuwa akikimbizana na muda.

Hatua ya 1. Pata ruhusa, ramani za mitaro na picha za angani. Soma taarifa za vitu vilivyowahi kuokotwa jirani.

Hatua ya 2. Fuata mitaro. Kinamasi hukatwa mitaro sambamba, takriban kila mita 15. Wageni hukodolea macho uwanja, ila mimi nashauri ukuta wa mtaro. Uwanja umeshavurugwa, ukutani matabaka bado yamepangana. Kwangua taratibu kwa mwiko wa mwashi, na usidharau kipande kidogo cha mti kilichochomoza.

Hatua ya 3. Je, ni kazi ya mikono ya watu? Hapa usiharakishe. Visiki vya misonobari iliyoota yenyewe vimejaa humo, na mizizi yake hudanganya. Tazama ncha: shoka la chuma au shaba huacha mikato bapa na mirefu, la jiwe huacha mifupi iliyobonyea. Kisha vuka hadi mtaro wa pili na wa tatu. Ukikuta mbao kwenye kina kilekile na zimefuata mstari, umepata barabara ya kale ya mbao. Ile ya Corlea, kaunti ya Longford, iliyochimbuliwa na Barry Raftery, ilitandikwa mbao nzito za mwaloni, na pete za miti (duara za ukuaji wa kila mwaka) zilionyesha ilijengwa mwaka 148 KK.

Hatua ya 4. Piga picha zenye kipimo, chukua GPS pamoja na mwinuko, chora ukuta. Sampuli ifunge kwenye plastiki ikiwa na maji yake. Ukiiacha juani itapasuka na kusinyaa, na alama za shoka zitapotea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mbona mbao hazikuoza?
Jibu: Peti imeloa, haina hewa na ina asidi. Vijidudu vya kuozesha havistawi humo.

Swali: Nikikuta mwili wa mtu je?
Jibu: Simamisha kila kitu, usivute chochote. Sheria inataka aliyeokota kitu cha kale atoe taarifa ndani ya saa 96. Mwaka 2011 mfanyakazi wa mashine kaunti ya Laois aliuona mwili wa mtu aliyeishi miaka 4,000 hivi iliyopita. Macho ya madereva yanafaa sana, msiwapuuze.

Swali: Naweza kwenda na kifaa cha kutafuta metali?
Jibu: Bila kibali, hapana. Kutafutia vitu vya kale bila idhini ni kosa kisheria. Isitoshe, hakioni mbao.

Swali: Huku Burundi ONATOUR, shirika la umma la peti, inachimba peti. Njia hii inafaa?
Jibu: Kusoma ukuta wa mtaro kunafaa popote penye mtaro. Ila usitegemee mwaloni. Jifunze kwanza miti ya huko kwenu na jinsi inavyoonekana ikilowa.