Goti likitoka kwenye upasuaji, mbio ziwe za mwisho
Kama unashindana traiathloni (kuogelea, baiskeli na mbio) na umefanyiwa upasuaji wa gegedu la goti, ile tishu laini kati ya mifupa, usikimbilie viatu vya mbio. Mimi daktari aliponiruhusu nilianza na baiskeli ya jimu, dakika 10, gia nyepesi, kiti nimekipandisha kidogo ili goti lisikunjwe sana. Bwawani niliingia baada ya mshono kufunga kabisa. Kidonda kibichi na maji ya bwawa, au ya bahari, havipatani. Ukishaingia bwawani, ogelea kwa mikono tu, boya dogo katikati ya mapaja. Mtindo wa chura uache kwanza, teke lake linalisokota goti vibaya.

Kipimo changu ni asubuhi ya kesho yake. Ukiamka goti limevimba au limekaza kuliko jana, basi ulizidisha: pumzika, kisha punguza. Maumivu ya palepale hudanganya, hasa ukiwa bado unameza dawa za kutuliza.

Nilipofika hatua ya kukimbia, nilikuwa nakimbia dakika 1, natembea 2. Ndiyo, hata mama mmoja mwenye kikapu cha sokoni alinipita.