Valvu inayosukumwa na maji ndani ya Fluent

Fluent ni programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa maji, na hapa naeleza jinsi ya kuiga valvu ambayo maji yenyewe ndiyo yanayoifungua. Kabla ya kugusa kompyuta, fungua valvu yenyewe. Yangu ni ya springi, ya kuzuia maji kurudi. Nilipewa na fundi pampu wa Gerezani. Kisahani chake, kile kinachopanda na kushuka kufungua na kufunga njia, nilikipeleka kwenye mizani ya sonara Kariakoo: gramu 48. Springi niliisimamisha mezani, nikaitwisha nusu kilo ya sukari, ikabonyea milimita 5. Nusu kilo ni nyutoni 4.905, basi ugumu wake ni nyutoni 981 kwa mita. Pima pia springi imebonyea kiasi gani valvu ikiwa imefungwa. Fundi alicheka sana, lakini ukibahatisha namba hizi, majibu yote nayo ni ya kubahatisha.

Ukichora kwa milimita, hakikisha Fluent imezigeuza kuwa mita. Kisahani kisiguse kiti, pale kinapokaa valvu ikifungwa, maana seli za wavu (vipande vidogo ambavyo programu inagawia nafasi ya maji ili ipige hesabu) haziwezi kuwa na unene sifuri. Acha mwanya wa milimita 0.2, ukubali maji kidogo yavuje. Kwa kuwa kinapanda na kushuka tu, chagua njia ya kuongeza na kuondoa tabaka za seli.

Msimbo wa kuiambia Fluent kisahani kiende kwa kasi gani unaandikwa kwa lugha ya C, ndani ya funksheni ya DEFINE_CG_MOTION, na lazima ukompailiwe. Compute_Force_And_Moment inakupa nguvu ya maji kwenye kisahani. Kama umechora nusu ya valvu, zidisha kwa mbili. Toa nguvu ya springi, na uzito pia kama valvu imesimama wima. Gawa kwa 0.048, yaani kilo za kisahani, zidisha kwa hatua ya muda (kipande kidogo cha muda ambacho hesabu inasonga kila mara), jumlisha na kasi ya zamani. Kisahani kikifika kikomo cha juu, kwangu milimita 8, au kikirudi kwenye mwanya, kasi iwe sifuri.

Hiyo "kasi ya zamani" ndiyo iliyonikesha siku tatu Kijitonyama. Maji ni mazito mbele ya kisahani chepesi. Wavu ukisogezwa mara moja tu kwa kila hatua, nguvu inachelewa nyuma ya mwendo na kisahani kinarukaruka hadi hesabu inavunjika. Dawa ni kuruhusu wavu usogezwe tena na tena ndani ya hatua moja. Ila ukifanya hivyo, funksheni yako nayo inaitwa mara nyingi, na yangu ilijumlisha kasi kila ilipoitwa! Valvu ikafyatuka. Weka vigeu viwili: kasi ya mwisho wa hatua iliyopita, na ya sasa. Cha kwanza kibadilike pale tu muda wa uigaji unaposonga. Mahali kilipo kisahani, fanya vivyo hivyo.

Hatua ya sekunde 0.0001 ilinitosha, kwa sababu springi na kisahani hiki, bila maji, hutikisika mara moja kwa milisekunde 44 hivi.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, faili la data halikumbuki vigeu vyako. Ukilifungua tena, kisahani kiko katikati ya njia lakini kasi yake ni sifuri. Vihifadhi kwa DEFINE_RW_FILE, funksheni ya kuandika na kusoma vigeu vyako ndani ya faili hilo. Mimi niliiandika usiku huohuo, kwa betri iliyobaki, jenereta ya jirani ikinguruma dirishani.