Ubani usinate kinuni
Kwa wanaotengeneza kifi, kile kifukizo cha Misri ya kale ambacho kanuni zake zimechongwa kwenye kuta za hekalu la Edfu: weka ubani na manemane kwenye friza usiku kucha, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, kisha twanga kidogo kidogo, mchi ukifuata pumzi yako. Joto la msuguano hulainisha utomvu, ukanata kinuni kama ulimbo; ukiwa baridi huvunjika ukawa unga. Kwa hiyo kutwanga polepole si kwa ajili ya utulivu wa moyo tu. Manemane mbichi yenye mafuta mengi haikubali mbinu hii, ianike kivulini kwanza. Zabibu kavu na asali za kifi usizigandishe, hizo ni za kushikanisha unga huo.