Bampa ya Boxer: tazama imeshika wapi

Msimu wa korosho uliopita kijana mmoja alinisukumia pikipiki yake ya Boxer hapa Chikongola, Mtwara, huku akiisifu bampa, lile bomba la mbele linalokinga injini pikipiki ikianguka. Mchanga wa njia ya Nanyamba ulimvuta, gunia likiwa nyuma, pikipiki ikalala ubavu wa kushoto, tena kwa mwendo wa kutambaa. Mkono wa klachi mzima. Kava la sumaku, kile kifuniko cha ubavu wa kushoto wa injini, halina mchubuko. Nikamwambia chuchumaa, tazama nyuma ya bampa. Sikio la injini, pale bolti inapoishikiza kwenye fremu, limekatika.

Bampa ile ilitengenezwa kwa bomba nene la maji, ikafungwa kwenye bolti inayoshika injini. Bomba halikupinda, kishindo chote kikahamia kwenye sikio, nalo ni aluminiamu ya kumimina: haipindi, inakatika. Kava ungenunua dukani. Sikio unashusha injini nzima, kisha uanze kumtafuta anayejua kuchomelea aluminiamu.

Bampa nafunga, ila ishike kwenye fremu, juu na chini, kwa klempu iliyowekewa kipande cha tyubu ndani. Bomba liwe jepesi kiasi, lipinde lenyewe kwanza. Usikubali ichomelewe kwenye fremu, moto hudhoofisha chuma pembeni mwa mshono na ufa huanzia hapo. Isizidi upana wa usukani, la sivyo kwenye mchanga itachimba kama jembe na kukugeuza.

Kabla hujalipa, funga koki ya mafuta, ita mwenzako, mlaze pikipiki taratibu juu ya gunia tupu. Bampa itangulie kugusa. Kava libaki hewani, vidole viwili vipite chini yake. Kisha tazama nafasi ya mguu wako: bampa inalinda chombo, muundi wa mguu ni bahati yako.

Injini ya silinda moja inatikisa sana, basi kaza nati tena baada ya siku mbili. Ziba ncha za bomba kwa vizibo. Kwa upepo huu wa chumvi, bampa za Mikindani naziona zinang'aa nje huku ndani zimeoza. Na dumu la lita ishirini usilining'inize hapo, jamani.

Yule kijana alitaka nimrudishie bampa ileile. Nimeikata, sasa ni miguu ya benchi ninalokalia.